Kulungu wa Marekani: Kwa Nini Mwindaji Huambiwa Aue Jike?

Mtu wa kwetu anayehamia Texas, Wisconsin au Pennsylvania hakawii kukutana na habari za kulungu. Ikifika Novemba, wenzake kazini huomba likizo, makoti ya rangi ya chungwa hutoka kabatini, na gumzo la mchana ni pembe tu. Kisha husikia la kushangaza: ukitaka madume wenye pembe kubwa, punguza majike.

Ni kulungu gani huyu?

Ni kulungu mkia-mweupe, anayepatikana kuanzia Kanada hadi Amerika Kusini. Asichanganywe na mbawala wa misitu yetu. Mbawala akishaota pembe, amezipata za maisha. Dume wa mkia-mweupe huangusha zake wakati wa baridi na kuotesha mpya baridi inapopungua. Zikikua hufunikwa na ngozi laini yenye damu, ambayo hukauka karibu na Septemba, naye huisugua mitini mpaka ibanduke. Mfupa wote huo hujengwa kwa miezi michache, na kwa sehemu kubwa hutegemea malisho ya mwaka huohuo.

Ni mali ya nani?

Ya umma. Mwenye shamba anaweza kukukataza kuingia kwake, lakini kulungu anayelala shambani humo yuko chini ya jimbo, nalo ndilo hupanga msimu, leseni na idadi ya kuuawa. Sehemu ya gharama hulipwa na wawindaji wenyewe: sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 inatoza asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo hurudi majimboni kuhudumia wanyamapori.

Sasa kwa nini jike?

Mfugaji wa Monduli anayetaka kundi likue huchinja dume na kubakiza jike. Marekani nayo ilifuata njia hiyo, tena kwa sababu nzuri. Biashara ya nyama na ngozi ilikuwa imewamaliza kulungu hadi wakakadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000 nchi nzima mwanzoni mwa karne ya 20. Kuua jike kukapigwa marufuku sehemu nyingi, na wawindaji wakalelewa wakiona ni aibu. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30. Jike aliyeshiba huzaa mapacha, na mbwamwitu na puma waliokuwa wakipunguza kundi wametoweka katika majimbo mengi.

Midomo ikizidi, msitu huliwa hadi pale shingo inapofika. Dume mwenye njaa hujenga mwili kwanza. Kinachobaki ndicho huenda kwenye pembe. Onyo lilitoka mapema kwenye uwanda wa juu wa Kaibab, Arizona, ilikotengwa hifadhi mwaka 1906 kwa ajili ya kulungu wa jamii nyingine ya karibu. Wanyama wawindao wakauawa, kulungu wakaongezeka, na katika miaka ya 1920 wengi wakafa njaa. Wataalamu wanabishania idadi na sababu zote, lakini njaa haibishaniwi.

Kuna pia hesabu ya ndoa. Majike wakiwa wengi mno kuliko madume, msimu wa kupandana hurefuka, na watoto wengine huchelewa kuzaliwa, baridi ikawakuta wadogo. Hoja hizi zilienezwa na Al Brothers na Murphy Ray wa Texas katika kitabu chao cha 1975, ingawa wazee wengi walizipokea kwa kununa.

Na dume mdogo je?

Mwache aishi. Ndiyo nusu ya pili ya kazi, na ndiyo ngumu, kwa kuwa inamtaka mtu aliyekaa kwenye baridi tangu alfajiri aushushe mtutu. Pembe hufikia kilele dume akiwa na miaka 5 hadi 7, lakini zamani wengi waliuawa wakiwa na mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2002 Texas ilianza, katika kaunti chache, kudai upana wa ndani wa inchi 13, ambao ni takriban kutoka ncha ya sikio hadi ncha ya sikio. Mwaka huohuo Pennsylvania ikaamua kuhesabu matawi ya pembe. Naona Texas walipima vizuri zaidi, maana dume kijana aliyeshiba anaweza kuwa na matawi mengi ilhali pembe zenyewe ni nyembamba. Tanzania inatumia hoja kama hiyo kwa simba: dume asiwindwe kabla ya miaka 6, na weusi wa pua ni mojawapo ya dalili za umri.

Tukiua wenye pembe mbaya, hatutaboresha mbegu?

Porini, karibu bure. Nusu ya mbegu hutoka kwa jike, ambaye hana pembe za kutazamwa. Madume vijana huhama mbali na walikozaliwa, na hata mapacha wanaweza kuwa na baba tofauti. Hiyo ni kazi ya zizini.

Kuwalisha kunasaidia?

Kupanda malisho kunasaidia. Kusini wengi hupanda kunde, zao lenye asili ya Afrika, kwa sababu ya protini yake. Kumwaga lundo la mahindi ni jambo jingine: huwakusanya wanyama mdomo kwa mdomo, na hapo huenea ugonjwa sugu wa kukondesha, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967 na sasa uko katika majimbo zaidi ya 30. Husababishwa na prioni, ambazo hudumu udongoni kwa miaka. Hauna chanjo wala tiba. Sehemu nyingi zimepiga marufuku malundo hayo.

Nyama inalika?

Inalika, na ni tamu. Haijathibitika kwamba ugonjwa huo humwambukiza binadamu, lakini mamlaka za afya hushauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Ukiwinda katika eneo lenye ugonjwa, peleka kichwa kwenye kituo cha jimbo kipimwe, na uihifadhi nyama kwenye friza bila kuigawa mpaka majibu yatoke. Mnyama aliyekonda, anayedondosha mate na kuyumba, usimguse. Piga simu kwa maofisa wa wanyamapori.