Kuponda Viazi Viwe Laini

Katika Dandora, mtaa wa mashariki ya Nairobi ulioanzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viazi mviringo huuzwa kwa mafungu au kwa gorogoro, yaani mkebe wa kilo mbili hivi. Wapishi wengi hulalamika kwamba viazi wanavyoponda hujaa madonge, ama hunata kama gundi. Kila kosa lina sababu yake.

Kwanza yapasa kuchagua. Viazi vya Shangi, vilivyoenea sana nchini Kenya, huiva upesi, na kwa mtu anunuaye makaa kwa mkebe hilo si jambo dogo. Ila Shangi huchipua mapema baada ya kuvunwa. Tena kiazi cho chote kilichoanikwa juani hugeuka kijani. Rangi yenyewe haina madhara, bali ni dalili kwamba sumu iitwayo solanini huenda imezidi ndani yake, na kuchemsha hakuiondoi. Kikiwa na kijani kidogo, sehemu hiyo ikatwe kwa kina pamoja na machipukizi. Kilichogeuka sehemu kubwa, au chenye uchungu, kitupwe, hata kama kiliuzwa kwa bei rahisi.

Viazi vimenywe, vikatwe vipande vilivyo sawa, kisha vitiwe katika maji baridi ndipo sufuria iwekwe motoni. Vikitiwa katika maji yachemkayo, nje huvurugika kabla ya ndani kuiva, na hapo ndipo madonge hutokea. Kisu kikipita bila kukinzwa, maji yamwagwe yote, na sufuria irudishwe juu ya moto mdogo dakika moja au mbili ili mvuke utoke. Wengi huliacha jambo hili kwa haraka, kisha hushangaa kwa nini chakula kina majimaji.

Na viazi vipondwe vingali moto, kwa mwiko au mchi. Kiazi kina vijumba vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyojaa wanga. Vikipondwa taratibu, vijumba hivyo hutengana na chakula huwa laini. Vikipigwa kwa nguvu, au kutiwa katika mashine ya kusagia, hupasuka, wanga humwagika, na matokeo yake ni ile gundi. Kwa kilo moja ya viazi, vijiko viwili vikubwa vya siagi vyatosha. Itangulie siagi, kisha maziwa ya moto kidogo kidogo, yasizidi robo lita.

Mukimo, chakula cha asili cha Wakikuyu, una desturi yake. Viazi hupondwa pamoja na mahindi na majani ya malenge, na hapana haja ya kutafuta ulaini wa krimu, kwani mahindi yapaswa kuonekana. Yakiwa makavu, yachemshwe peke yake kwanza mpaka yaive.

Penye mtoto wa miezi sita aanzaye kula, chumvi isitiwe katika maji ya kuchemshia. Fungu lake litengwe kwanza, lisiwe na kiazi cho chote chenye kijani, lilainishwe kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Ndipo chumvi itiwe katika chakula cha wakubwa. Mabaki ya sahani ya mtoto yasiwekwe mpaka kesho.