Sarafu Kumi za Dobi: Funzo juu ya Wosia Usaidiao Chuo

Mtu akitajiwa wosia hufikiri mara moja shamba, nyumba na ng'ombe, na watoto watakaogawana. Akiambiwa kwamba yafaa kukumbuka chuo pia, hujibu, "Hiyo ni kazi ya matajiri. Nikikipa chuo mali yangu, jamaa zangu watakula nini?" Jawabu hilo si la kudharauliwa. Basi tulipime kwa habari za mwanamke mmoja wa Marekani, ambaye hakuwa tajiri.

Jina lake Oseola McCarty, mtu mweusi, aliyezaliwa mwaka 1908 katika jimbo la Mississippi, akakulia katika mji wa Hattiesburg. Alipokuwa katika darasa la sita aliacha masomo ili amuuguze mama mmoja wa jamaa yake, wala hakurudi tena. Akawa dobi. Alichemsha nguo za watu uani, akazisugua kwa ubao wa kufulia, akazianika na kuzipiga pasi, miaka zaidi ya sabini. Hakuolewa, hakuzaa, wala hakuwa na motokaa; sokoni alikwenda kwa miguu. Kila alipopata ujira aliweka sehemu yake katika benki, akaiacha hapo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1994, alipokuwa na umri wa miaka 86, baridi yabisi iliishika mikono yake, akaacha kufua. Wenye benki wakamwuliza mali yake iende wapi atakapokufa. Wakamwekea sarafu kumi ndogo, kila moja iwe mfano wa fungu moja katika mafungu kumi ya mali yake. Akatenga moja kwa kanisa lake, na moja moja kwa jamaa zake watatu. Sita zilizobaki akazitenga kwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, kilichomo mjini mwake.

Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 1995, fungu la chuo lilihesabiwa kuwa dola 150,000, kwa ajili ya wanafunzi wahitaji. Hati ziliandikwa ili mali iwekwe amana: yeye apate matunzo yake siku zote za maisha, na fungu la chuo liende chuoni baada ya kufa kwake. Tena jueni kwamba chuo kile hakikupokea wanafunzi weusi mpaka mwaka 1965, naye alikuwa amekwisha kutimiza miaka 57. Mlango uliofungwa kwake akawalipia watoto wa wengine waupite. Wenye biashara wa mji waliposikia, walitoa fedha zao pia, hata wanafunzi wakaanza kusaidiwa yeye angali hai. Alifariki mwaka 1999, mwenye umri wa miaka 91.

Katika habari hizi twajifunza mambo manne.

Kwanza, hakuwanyima jamaa zake. Aligawa kwa hesabu, kila mtu na fungu lake. Atakaye kukumbuka chuo aanze na haki ya wale wamtegemeao. Kisha kilichosalia, hata kikiwa fungu moja tu, akitoe kwa moyo mweupe.

Pili, alifanya hayo akili zake zikiwa timamu, na kwa maandiko. Nimekaa katika matanga ambayo watu wengi walisema, "Marehemu aliahidi kusaidia shule," wala karatasi haikuonekana. Ahadi ile ilizikwa pamoja naye, na ndugu wakaondoka wamenuniana. Wosia uandikwe wazi, utiwe sahihi mbele ya mashahidi kama sheria ya nchi itakavyo, nao uwekwe kwa mtu au mahali pa kuaminika.

Tatu, fedha za namna hii, zikitunzwa vema, hazitumiwi zote mara moja. Mwenye ng'ombe hunywa maziwa, hamchinji kwa ajili ya chakula cha siku moja. Vivyo hivyo msingi huwekwa, na faida yake hulipa ada mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mkono uliokwisha kupumzika waweza kumsomesha mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Nne, hakungoja utajiri. Angalingoja, asingalitoa kitu.

Mjane wa Marko 12:41-44 alitoa sarafu mbili. Dobi huyu alipanga kumi. Wala mmoja wao hakuuliza kama kitu chake kilitosha kuhesabiwa.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Je, wosia wako umeandikwa, au uko kinywani tu?
2. Mali yako ikiwa sarafu kumi mezani, utazigawaje?
3. Ni akina nani katika jamaa yako wapaswao kuambiwa leo, ili wasije wakagombana kesho?