Pesa za Kikundi na Ndoto za Samaki

Mdogo wangu wa kijiji cha New Congo, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimecheka pale ulipoandika kwamba kaka yako ameota samaki. Kwenye kambi yetu hii ya wakimbizi ya Nakivale nani hajaota samaki? Tangu mgao wa chakula upunguzwe, kila kijana anayeishi karibu na ziwa amejigundua kuwa ni mvuvi. Unasema mvua za tangu Machi zimejaza ziwa, maji yamepanda hadi kwenye nyasi, majani yanatikisika na migongo ya samaki inaonekana kwa macho. Naye anataka zile pesa zako za kikundi cha akiba akanunue nyavu. Umeniuliza mimi mkubwa wako: Yaya, nimpe?

Usimpe. Ila usimfukuze, kwa sababu jicho lake ni zuri. Samaki wameingia kweli, tena wameingia na shughuli zao.

Kambale husubiri mvua kama hizi. Maji yakifunika nyasi za ukingoni, hupanda usiku kutaga, mayai yananata kwenye majani, na ndani ya siku moja au mbili yameanguliwa. Ngege, yule ambaye Watanzania humwita sato, ana mambo makubwa zaidi. Dume huchimba kishimo kwenye maji mafupi, jike anataga humo, halafu anayakusanya mayai yote mdomoni mwake na kukaa nayo siku kadhaa bila kula vizuri. Hata vitoto vikishaanza kuogelea, vikishtuka hukimbilia kinywani mwa mama. Mimi niliwahi kununua ngege pale ufukweni, nikafungua mdomo nimwoshe, yakamwagika mayai ya manjano kama punje za mtama. Nilimla, sitakudanganya. Lakini sikumfurahia.

Sasa fikiria wavu wa macho madogo ukikokotwa kwenye nyasi hizo mwezi huu. Ziwa letu si Viktoria. Ni dogo, halina kina, na sisi tumelizunguka tangu Wanyarwanda wa kwanza walipoletwa hapa miaka ya mwisho ya 1950. Tunakunywa humo humo, tunavua humo humo.

Na kaka yako asidhani ni wakimbizi tu wanaobanwa na sheria za uvuvi. Rafiki yangu aliyehamishiwa Minnesota, Marekani, ananiambia huko wana samaki aitwaye walleye, macho yanang'aa gizani kama ya paka, naye baridi ikiisha huja maji mafupi kutaga. Uvuvi wake kwenye maziwa ya ndani hufungwa mwisho wa Februari, hufunguliwa Mei akishataga. Na mtu mzima asiye na leseni asiguse mshipi.

Hapa Uganda, mwaka 2017 wanajeshi walipewa kazi ya kusimamia sheria za uvuvi. Ngege asiyefika inchi 11 haruhusiwi kuvuliwa, na nyavu haramu zikikamatwa huchomwa moto. Zikichomwa, mdogo wangu, wale wanawake wenzako wa kikundi utawaambia nini? Utawapelekea majivu?

Mnunulie ndoana. Kwanza aende kwa afisa wa uvuvi na kwenye Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) aulize anaruhusiwa kuvua wapi na kwa kibali gani, asiulize vijana wenzake. Akishapata jibu, akate tete refu, afunge mshipi mfupi. Kwenye majani, mshipi mrefu ni kununua ugomvi: utashinda unavua magugu. Boya analipata bure, kipande cha kandambili iliyokatika kinatosha. Asirushe mbali. Atafute matundu ya maji meupe katikati ya majani, adondoshe ndoana humo taratibu na anyamaze. Ngege anakubali kidonge cha ugali au mnyoo. Kambale ni mnyoo, au utumbo wa kuku unaonuka. Yeye hutafuta chakula kwa pua na masharubu. Akimnasa ngege jike amejaza mdomo, amrudishe. Hatakufa njaa kwa ngege mmoja.

Lililonitia hofu kwenye barua yako ni pale uliposema anaingia majini hadi kiunoni. Mwambie atoke! Maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makao ya konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Na alfajiri viboko wanarudi kutoka kula. Akiona njia pana, nyasi zimelala kuelekea ziwani, hiyo hawakuikanyaga watu. Asisimame hapo, asikae kati ya kiboko na maji hata kama samaki wanaruka. Ndoana za kambale azitege ukingoni saa kumi jioni, arudi nyumbani, azifuate asubuhi jua likishapanda.

Kuhusu wewe sasa, maana hukuuliza lakini najua ulitaka kuuliza. Pesa yako iweke kwenye jiko la kukaushia samaki kwa moshi. Ngege mbichi muuze hapa hapa kambini, Base Camp, siku ile ile; gari la Mbarara haliondoki mpaka lijae, na samaki hasubiri abiria. Kambale aliyekaushwa vizuri ndiye wa kusafiri, tena vumbi la barabara halimsumbui ukimfunga vizuri.

Na ukifika sokoni Mbarara ukasikia mama anaita wateja wa "mamba", usitupe kapu ukakimbia kama nilivyofanya mimi. Hapa hilo ni jina la samaki, yule mrefu anayepumua hewa na kujizika kwenye tope kiangazi. Walinicheka hadi jioni.

Kaka yako akimpata kambale wa kwanza, mwambie kichwa ni cha Yaya.