Omba Msaada, Ficha Siri za Wateja
Sacco yenu inatumia Apache Fineract, ile programu huria ya akiba na mikopo, na mmekwama? Jamii yake husaidiana kwa barua pepe. Kujiunga ni bure: tuma ujumbe mtupu kwa dev-subscribe@fineract.apache.org, kisha jibu ule wa uthibitisho.

Kabla hujauliza, pekua kumbukumbu. Huenda swali lako lilishajibiwa. Ukiuliza, taja toleo mnalotumia, mlichofanya na hitilafu iliyotokea.

Lakini chunga: kila ujumbe huhifadhiwa hadharani, na yeyote anaweza kuusoma hata miaka ijayo. Kwa hivyo ondoa kwanza nenosiri, majina na nambari za simu za wateja. Weka za mfano, kama 0700 000 000. Na PIN? Hiyo usimpe mtu, hata anayejiita msaidizi. Hata sisi hatukuulizi!