Gari la Dizeli Likikataa Kuwaka Asubuhi

Mhariri ameniomba niandike habari za kazi yangu ya ufundi kwa ajili ya ndugu zangu wanafunzi. Injini ni jambo refu, kwa hiyo nachukua ugonjwa mmoja tu: ule wa gari la dizeli lililozeeka kukataa kuwaka wakati wa baridi. Sisi wa Kabale twaujua sana. Mji wetu uko mita 2000 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri, ukungu ungali umelala mabondeni, hata kijana mwenye nguvu huona taabu kutoka katika blanketi, sembuse Land Rover yenye umri wa baba yake.

Waliokuwa mabwenini mwaka 2014 watakumbuka alfajiri ile mvulana wa kidato cha pili aliposhikwa na tumbo. Nesi wa shule alimtazama, akasema huenda ni kidole-tumbo, wala hakuna kungoja mapambazuko. Gari letu lilikuwa moja tu, Land Rover Series III ya dizeli. Dereva akapiga stata, injini ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka, mpaka betri ikachoka. Ndipo wavulana wakatoka na mashuka mabegani, wakalisukuma hadi mtelemkoni, na huko chini likashika. Mgonjwa alipasuliwa siku ile ile, akapona. Lakini fikirini kama shule ingejengwa mahali tambarare!

Jumamosi iliyofuata nikaitwa. Nilikuta betri mpya imekwisha kununuliwa, na asubuhi ile gari lilikuwa limekataa tena, betri mpya na yote.

Sasa tuulize kwanza: dizeli huwashwa na nini? Injini ya petroli ina plagi ya kutoa cheche. Ya dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa kwa nguvu mpaka hewa yenyewe inakuwa moto mkali, kisha nozeli hupuliza dizeli ndani yake, nayo huwaka. Ninyi mliowahi kujaza upepo wa baiskeli mmeshika pampu mkaona chini yake pana joto. Jambo ni lile lile. Injini ya Land Rover hiyo, ya sentimita za ujazo 2286, hubana hewa mara 23. Kwa hesabu ya vitabu, hewa ya nyuzi 15 ikibanwa hivyo bila kupoteza joto hupita nyuzi 700.

Lakini joto hupotea, na hapo ndipo penye shida yote. Chuma baridi hulinyonya. Stata ikizunguka polepole, chuma hupata nafasi ya kulinyonya zaidi, na hewa nyingine huvuja kando ya ringi zilizolika. Tena huku kwetu milimani kanieneo ya hewa imepungua kwa kiasi cha sehemu moja katika tano kuliko kule Mombasa, basi kila pistoni huanza kazi na hewa haba. Kwa sababu hiyo injini hupewa msaada wa hita plagi, yaani vijiti vidogo vinavyowekwa umeme na kuwa vyekundu ndani ya kila silinda kabla ya stata kupigwa.

Fundi akifika kwenye gari lililokataa, asishike spana kwanza. Na aende nyuma, amwambie mwenzake apige stata, atazame bomba la moshi. Moshi mweupe ukitoka, wenye harufu ya dizeli mbichi, maana yake dizeli inafika lakini haipati joto la kuiwasha. Kama hautoki moshi wo wote, dizeli haifiki. Ni magonjwa mawili mbalimbali, na nimeona watu wakitibu moja kwa dawa ya jingine kwa miezi.

Land Rover yetu ilitoa moshi mweupe mwingi, hata kuku wa jikoni wakakimbia. Dereva, mzee mwenye busara, akaniambia, “Mwanangu, hita usizipotezee wakati, zimewekwa mpya mwezi uliopita, na risiti ipo.” Risiti ilikuwapo kweli. Nami kwa kumheshimu nikaanza na betri. Ilipopumzika ilionyesha volti 12.6, ndivyo ipasavyo, na stata ikizunguka haikushuka chini ya 10. Nikapima waya mnene wa kwenda kwenye stata na ule wa kushika bodi. Hazikupoteza hata nusu volti. Basi nikarudi kwenye hita, nikagusa kichwa cha kila plagi huku ufunguo umeshikwa mahali pa kupasha. Volti 7 tu.

Hapa yafaa nieleze kwa urefu, maana magari ya namna hii yangalipo mengi mashambani na katika misheni. Land Rover za zamani zilikuwa na hita plagi nne zilizofungwa mfuatano, kama watu walioshikana mikono: umeme hutoka katika plagi moja kuingia ya pili, na ya nne huupeleka kwenye bodi. Kila plagi ilitengenezwa itumie volti chache mno, pungufu ya 2. Kwa kuwa betri ina 12, kipande cha waya mzito wa kuzuia umeme kiliwekwa njiani ili kula volti zilizozidi. Ubaya wa mpango huu ni kwamba plagi moja ikikatika, zote nne hufa. Kuitafuta iliyokatika si kazi ngumu. Funga mguu mmoja wa taa ya kujaribia kwenye bodi, washa hita, kisha gusa kwa ule mwingine plagi baada ya plagi, toka upande umeme unakoingilia. Taa itawaka, itawaka, halafu itazima. Mkatiko uko kati ya mahali ilipowaka mwisho na mahali ilipozima.

Gereji ile ilikuwa imeweka plagi za namna mpya, ambazo kila moja hutumia volti 12 peke yake na hushika bodi yenyewe. Ni kitu chema kabisa. Ikifa moja, tatu hubaki. Lakini walisahau kukiondoa kile kipande cha kuzuia umeme. Kikaendelea kula volti zake kama karani asiyejua kwamba ofisi imefungwa, na plagi mpya zikabaki vuguvugu. Nilikitoa, nikavuta waya mnene mpya wenye rilei na fyuzi. Volti zikawa 11. Jumatatu asubuhi dereva alishika hita sekunde 20, akapiga stata mara moja, ikanguruma.

Wenye Toyota Land Cruiser za dizeli za silinda sita wasidhani hayawahusu. Zao zimefungwa pamoja kwenye ubati mmoja, hivyo mbili zikifa gari bado huwaka, ila kwa kutetemeka na moshi, na mwenyewe husema ni uzee. Fungua ubati, shika taa ya kujaribia kutoka upande chanya wa betri, gusa kila plagi: isiyowasha taa imekufa. Na ukinunua nyingine, soma volti zilizoandikwa juu yake, kwa kuwa ziko za namna nyingi.

Wiki tatu baadaye niliitwa tena. Gari lilikuwa limelala siku mbili bila kutumika, nalo halikutoa moshi hata kidogo. Nikasukuma mkono wa pampu ndogo ya dizeli mara nyingi, nikalegeza skrubu ya filta mpaka mapovu yakaisha. Likawaka. Basi hewa ilikuwa ikiingia, na dizeli ikirudi tangini usiku. Wengi hutafuta mahali panapovuja matone, wasione kitu, wakakata tamaa. Kumbe mahali panaponyonya huingiza hewa bila kutoa tone. Palikuwa ni washa ya shaba ya filta, iliyotumika mara nyingi mno. Bei yake haifiki chupa ya soda.

Oili nzito kupita kiasi nayo huichelewesha stata. Oili ya 15W-40 yatosha huku kwetu. Kama hita ni nzima, stata yaenda mbio na dizeli yafika, lakini moshi mweupe haukomi, hapo ndipo mbano wa silinda upimwe, na mfuko utayarishwe. Lakini msinyunyize etha katika injini yenye hita plagi. Hulipuka kabla ya wakati wake kwenye kijiti chekundu, na nimewahi kutoa pistoni iliyopasuka ukingo kwa sababu hiyo.

Dereva wetu sasa amestaafu. Kwenye dashibodi aliacha karatasi iliyobandikwa kwa gundi: “Hita 20. Baridi kali 30. Tazama moshi.”