Bunduki ya Upepo kwa Bei Nafuu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mkulima anayepoteza mahindi kwa tumbili, au kijana anayewatamani kwale wa kando ya mto, huanza na swali la bei: ni bunduki gani ya upepo iliyo rahisi kununua na inayoweza kumwangusha mnyama mdogo? Mkazi wa Kisii au Nyamira hana budi kutanguliza swali lingine: je, uwindaji wenyewe unaruhusiwa?

Hauruhusiwi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikakaza uzi. Kifungu cha 97 kinamgusa hata anayewinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani: faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Udogo wa mnyama si utetezi. Sungura wa mwituni, kwale na kanga wa porini ni wanyamapori, hata wakikutwa ndani ya shamba lako lenye hati.

Mafunzo mengi ya video kuhusu bunduki hizi hutoka Uingereza na Marekani, ambako sungura huwindwa kihalali. Mwalimu wa huko atakueleza tofauti ya risasi ya milimita 4.5 na ile ya 5.5, na jinsi springi inavyosukuma pistoni ili hewa iliyobanwa irushe risasi. Yote ni kweli, lakini sheria anayoifuata ni ya kwao. Hata huko Uingereza, bunduki ndefu ya upepo inayozidi nguvu ya takriban jouli 16 huhitaji cheti.

Hapa kwetu, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaangalia chombo chenye mtutu kinachoweza kuua kwa kurusha risasi au kitu kingine. Kukosa baruti hakukifanyi kuwa kitu cha kuchezea. Muuzaji akikwambia "hii haina haja ya leseni", mwache kwanza na bei yake, ukaulize Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kutoa pesa. Mzigo ukishafika, utakayeulizwa maswali na polisi ni wewe.

Kuna pia suala la majirani. Kwa hesabu ya watu ya 2019, Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba moja, na Nyamira zaidi ya 600. Risasi iliyomkosa njiwa juu ya mti yaweza kwenda zaidi ya mita 200. Simama kwenye mlima wowote wa kwetu, uhesabu ni boma ngapi, ni njia ngapi za watoto wa shule zilizo ndani ya umbali huo. Jicho likipigwa na risasi hiyo laweza kupofuka kabisa.

Tumbili wakikuharibia mazao, piga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa maana wanyamapori wako chini ya serikali ya kitaifa. Si kila mnyama yumo katika orodha ya fidia, kwa hivyo uliza mapema, na upige picha za uharibifu siku hiyohiyo. Mbwa na mlinzi wakati mahindi yanapokomaa husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Fuko anayekula viazi vitamu ni habari nyingine: anaishi chini ya ardhi, bunduki itamfuata wapi? Muone afisa wa kilimo wa wadi.

Na kama haja ni nyama, pesa za bunduki zingeweza kuanzisha banda la sungura wa kufugwa. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 31, huzaa watoto kadhaa kwa mkupuo, na akilishwa vizuri watoto hao hufaa kuchinjwa wakiwa na miezi mitatu hadi minne. Banda liinuliwe kutoka ardhini, liwe kavu, na majani yanyaushwe kidogo kabla ya kulishwa, kwa maana mabichi yenye umande huwaharisha sungura.