Somo la wiki: Zoanthidi ni mtaji hai, maji yasiyoyumba ndiyo akiba yake

KATIKA soko la viumbe wa matangi ya maji ya chumvi, ni bidhaa chache zinazouzwa kwa kuhesabiwa vichwa. Mojawapo ni zoanthidi, jamaa wa matumbawe mwenye mwili laini na rangi kali, anayependwa sana na wafugaji wa Marekani, Ulaya na Asia Mashariki. Vichwa viwili vyenye ukubwa uleule, kimoja cha kahawia na kingine chenye pete za machungwa na kijani, vinaweza kupishana bei zaidi ya mara kumi.

Tofauti hiyo ya bei imewafanya wafugaji wa nyumbani wageuze tangi la sebuleni kuwa kitega uchumi kidogo. Mtaji unaohitajika si mkubwa, na bidhaa hujizalisha yenyewe. Hata hivyo, bidhaa hiyo ni kiumbe hai, na inaweza kufa yote kwa juma moja. Anayetaka kuingia katika biashara hii hana budi kujifunza kwanza namna ya kumweka hai, kisha ndipo afikirie kuuza.

Bidhaa yenyewe

Kichwa kimoja cha zoanthidi hufanana na ua dogo la alizeti: duara lenye mdomo katikati, nyuzi pembeni na shina fupi chini. Vichwa vingi huota juu ya mkeka mmoja wa nyama ulioshika mwamba. Ukuaji wake ni kama wa mgomba: chipukizi hutoka kando ya shina mama, nalo baadaye hutoa jingine. Ndiyo maana kipande cha vichwa vitano kikitunzwa vyema hugeuka kuwa shamba.

Tofauti na matumbawe magumu, zoanthidi hajengi mifupa ya chokaa. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Mwani huo ukiondoka, kiumbe hupauka na kudhoofika.

Kiumbe huyu si mgeni Afrika Mashariki. Aina iitwayo Zoanthus sansibaricus ilipewa jina hilo na mwanasayansi Carlgren mwaka 1900, kutokana na Zanzibar. Msomaji wa pwani asichukulie habari hiyo kama ruhusa ya kubomoa mwamba. Miamba ya matumbawe ya Tanzania na Kenya inalindwa na sheria, na biashara inayozungumzwa hapa ni ile ya kuzalisha ndani ya tangi.

Hesabu ya soko

Tuseme mtu ananunua vichwa 5 kwa dola 20 kila kimoja, jumla dola 100. Vikifika 30, anaweza kuuza 20 na kubaki na 10 vya mbegu. Kwa bei ileile, mauzo ni dola 400. Lakini bei haibaki ileile, kwa kuwa kila aliyenunua vichwa hivyo naye anavizalisha. Mteja wa leo ndiye mshindani wa kesho.

Kwa kawaida bei ya rangi mpya huanza juu, kisha hushuka kadiri vipande vinavyoenea. Katika mfano huu, bei ikishuka hadi dola 8, vichwa 20 vitaleta dola 160 tu, na hapo chumvi, umeme na taa bado havijatolewa. Kwa hiyo si busara kuweka mtaji wote kwenye jina moja linalovuma. Rangi nne au tano za bei ya kati, zenye sifa ya kukua haraka, ni salama zaidi kuliko kichwa kimoja cha bei ya juu.

Maamuzi ya serikali nayo hugusa ugavi. Mwaka 2018 Indonesia, mojawapo ya nchi zinazouza matumbawe mengi duniani, ilisimamisha usafirishaji wake nje ya nchi, na ikaufungua tena mwaka 2020. Wakati kama huo, mwenye mbegu zake tangini huwa na bidhaa ilhali wenzake wanangoja shehena. Aidha, zoanthidi hayumo katika orodha za mkataba wa CITES, lakini mwamba aliokalia unaweza kuhesabiwa kuwa tumbawe gumu, ambalo limo. Anayeagiza kutoka nje ahakikishe hati zake kabla ya kulipa.

Maji kwanza

Vipimo vinavyomfaa zoanthidi vinafahamika. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi. Chumvi iwe gramu 35 hivi kwa kila kilo moja ya maji. Alkali iwe kati ya 8 na 9 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesiamu karibu 1,300.

Jambo la kuzingatia zaidi ya namba zenyewe ni kutoyumba kwake. Zoanthidi huvumilia kipimo kisicho kamili kuliko kipimo kinachopanda na kushuka. Adui mkubwa hapa ni uvukizi. Maji huondoka hewani, chumvi hubaki. Tangi la lita 100 likipoteza lita 2 kwa siku, chumvi hupanda kutoka 35 hadi 35.7. Likiachwa siku tatu, hufika zaidi ya 37. Mwenye tangi akishtuka na kumimina lita 6 kwa mkupuo, chumvi huporomoka ghafla, na vichwa hufunga.

Dawa yake ni kuongeza maji kila siku, tena yawe maji baridi yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi. Maji ya bomba yanaweza kubeba shaba, klorini na mbolea, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye chujio maalumu. Kila juma, sehemu moja ya kumi ya maji ya tangi hutolewa na kubadilishwa kwa maji mapya ya chumvi yaliyolinganishwa joto na chumvi. Katika tangi lisilo na matumbawe magumu, zoezi hilo hutosha kurudisha karibu madini yote yaliyotumika.

Wapo wanaodhani maji safi kupita kiasi ni bora. Kwa zoanthidi sivyo. Naitreti ikiwa sifuri na fosfeti ikiwa sifuri, vichwa husinyaa kwa njaa. Naitreti ya miligramu 5 hadi 15 kwa lita, na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1, humfaa vyema. Tangi jipya pia si mahali pake. Lisubiriwe miezi kadhaa hadi bakteria wanaosafisha amonia wawe wamejijenga.

Mwanga na mkondo

Mwanga wa kadiri hutosha, kati ya 75 na 150 kwa kipimo cha PAR, kwa saa 8 hadi 10 kwa siku. Kipande kipya huwekwa chini, karibu na mchanga, kisha hupandishwa kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili. Kukiweka moja kwa moja chini ya taa kali ya LED ni kukiunguza.

Mkondo wa maji nao uwe wa wastani, unaotosha kupeperusha nyuzi na kuondoa takataka juu ya mkeka. Pampu isielekezwe moja kwa moja kwenye vichwa. Mahali ambapo umeme hukatika, pampu ndogo ya betri ni sehemu ya mtaji, kwa sababu maji yaliyosimama hupoteza hewa haraka.

Kusoma dalili

Mfanyabiashara hukagua bidhaa yake kila siku, na zoanthidi husema hali yake waziwazi. Mashina yakirefuka kuelekea juu, mwanga ni hafifu. Rangi ikipauka na vichwa kubana, huenda mwanga umezidi. Vichwa vyote vya tangi vikifunga kwa pamoja, chunguza maji. Vikifunga vya kipande kimoja tu, chunguza kipande hicho, kwani huenda kina mdudu. Vidonda vidogo vyeupe au vya manjano kwenye mashina ni ugonjwa, na kipande hicho hutengwa siku hiyohiyo.

Karantini kabla ya yote

Hasara kubwa huingia tangini pamoja na bidhaa mpya. Konokono wa baharini wasio na gamba, wanaokula zoanthidi na kuchukua rangi zao, ni vigumu kuwaona mchana. Wapo pia buibui wadogo wa baharini, na konokono wa jamii ya Heliacus wenye gamba la duara lililoviringika.

Kila kipande kipya huchovywa kwenye dawa ya matumbawe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha hukaguliwa chini ya mkeka kwa kioo cha kukuzia. Dawa huua wadudu, lakini mara nyingi haiui mayai. Kwa hiyo uchovyaji hurudiwa baada ya siku chache, na kipande hukaa katika tangi dogo la pembeni majuma manne hadi sita. Tangi hilo la pembeni ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kupoteza shamba zima kwa kipande cha dola 10.

Kukata kwa ajili ya kuuza

Bandu bandu huisha gogo. Shamba la zoanthidi linalokatwa kila juma halipati nafasi ya kupona, na muuzaji hubaki na mbegu dhaifu. Kanuni inayofaa ni kuacha theluthi moja au zaidi bila kuguswa, na kutokata tena hadi pengo lizibwe na machipukizi mapya.

Kinachokatwa ni mkeka na mwamba ulio chini yake, si vichwa. Kipande hubandikwa kwenye kigae kidogo kwa gundi, kisha hurudishwa majini kipumzike. Kisiuzwe siku hiyo. Majuma mawili au matatu ya kungoja humpa mnunuzi kipande kilichofunguka na kushika, na muuzaji anayefanya hivyo hupata wateja wanaorudi.

Sumu isiyochezewa

Baadhi ya zoanthidi, hasa wa jamii ya Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika viumbe wa bahari. Mwaka 1971 wanasayansi Moore na Scheuer wa Hawaii walitangaza kuitenga kutoka kwa kiumbe huyo. Sumu hiyo huharibu pampu za chumvi zilizo katika chembe hai za mwili, na haina dawa ya kuiondoa. Daktari hutibu dalili tu. Kwa macho, haiwezekani kujua ni kipande kipi kina sumu na kipi hakina. Hivyo vyote hushikwa kama vina sumu.

Hatari hiyo imekwisha kuonekana. Kati ya mwaka 2012 na 2014, maofisa wa afya wa Alaska waliripoti watu waliougua katika duka na majumbani kwa kuvuta hewa iliyoshukiwa kuwa na sumu hiyo. Mwezi Machi 2018, huko Steventon, Uingereza, watu wa familia moja na wazima moto walipelekwa hospitalini baada ya tangi kusafishwa nyumbani.

Kwa hiyo mwamba wenye zoanthidi usichemshwe, usimwagiwe maji ya moto, usitiwe kwenye jiko la umeme, wala kusuguliwa ukiwa nje ya maji. Mkataji avae glavu, miwani ya kukinga macho na kinga ya pua na mdomo, afungue madirisha, na asikate akiwa na jeraha mkononi. Watoto na wanyama wakae mbali. Vifaa vilowekwe nusu saa katika jiki, sehemu moja kwa sehemu 10 za maji, kisha visuuzwe sana kabla ya kurudi karibu na tangi. Anayepata ladha ya chuma mdomoni, kikohozi, homa, maumivu ya misuli au shida ya kupumua atoke nje mara moja na kwenda hospitali, na amtajie daktari jina la kiumbe huyo.

Pa kuanzia

Mwekezaji mdogo aanze na tangi lililokomaa, rangi mbili au tatu za bei nafuu, na daftari. Kila siku aandike joto na chumvi. Kila juma aandike alkali, naitreti, fosfeti na idadi ya vichwa. Kwa miezi sita ya kwanza asiuze. Daftari likionyesha vipimo visivyoyumba na vichwa vinavyoongezeka, ndipo aongeze rangi ya bei ya juu. Likionyesha vipimo vinavyopanda na kushuka, fedha ya ziada ielekezwe kwenye chujio, hita na pampu ya kuongezea maji, kwani hata rangi ya bei ghali itakufa katika maji hayohayo.